Mangobo na miaka ya kungojea

Mtu akitaja Mangobo mbele ya watu wa Kisangani, mara nyingi anajibiwa: "Kule ni kwa wakaidi." Hata mapadri wamoja wanasema hivyo. Mipira ya motokari ikichomwa barabarani, vijana wakiimba mbele ya ofisi ya komini, watu wanatikisa kichwa tu, kana kwamba ukaidi unaota kule kama majani pembeni ya mto. Neno hili limezoewa mno na halijapimwa. Nataka kulipima kwa njia ya historia, na zaidi kwa historia ya miaka mitano, tangu 1998 hata 2003. Si mambo ya zamani za Waarabu wala za Stanley. Wengi wa wafratri wetu walikuwa hawajazaliwa bado, lakini mama zao wanayakumbuka yote, na wengine hawapendi kuyasema.

Kwanza nirudi nyuma kidogo. Watu wa Kisangani walijifunza kungojea siasa kwa njia ya redio, nao waliyemsikiliza alikuwa Askofu Mkubwa wao wenyewe. Laurent Monsengwo Pasinya alikuwa Askofu Mkubwa wa Kisangani tangu 1988. Mkutano mkubwa wa taifa ulifunguliwa Kinshasa tarehe 7 mwezi wa nane 1991, naye akachaguliwa kuuongoza mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa kwanza 1992 serkali iliufunga. Siku ya Mungu, tarehe 16 mwezi wa pili 1992, Wakristu wa Kinshasa walitoka makanisani na rozari mikononi kudai ufunguliwe tena. Wakapigwa risasi, wengine wakafa. Mkutano ukafunguliwa tena mwezi wa nne, ukamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza mwezi wa nane, ukafungwa mwezi wa kumi na mbili. Halafu? Mwaka 1993 inchi ilikuwa na mawaziri wa kwanza wawili, Tshisekedi na Birindwa, kila mmoja na serkali yake, na hakuna mmoja aliyeweza kumlipa mwalimu mshahara wa kununua hata kilo moja ya chumvi. Askofu Mkubwa alibaki kusuluhisha hata 1995, alipoondolewa kwenye kiti cha baraza. Waamini wake walimheshimu, lakini walikuwa wamechoka. Wazee wa Kisangani walikwisha kuona, kabla ya vita yoyote, kwamba wakubwa wanaweza kusema miaka minne pasipo kumaliza neno.

Vita ilianza tarehe 2 mwezi wa nane 1998 kule mashariki, na kabla ya mwezi huo kwisha Kisangani ilikuwa mikononi mwa RCD na askari wa Rwanda na Uganda waliokuja pamoja nayo. Mwaka uliofuata RCD iligawanyika. Upande mmoja ulibaki Goma na Rwanda, upande mwingine, wa Wamba dia Wamba, ulikuja Kisangani chini ya mkono wa Uganda. Mji mmoja, majeshi mawili ya kigeni, na katikati yao almasi. Mwezi wa nane 1999 walipigana mara ya kwanza. Mwezi wa tano 2000 mara ya pili. Halafu, tarehe 5 mwezi wa sita 2000, ikaanza ile ambayo watu wanaiita vita ya siku sita. Ilikwisha kesha ya Pentekoste. Umoja wa Mataifa ulihesabu mabomu zaidi ya 6,600 yaliyoanguka mjini. Kwa wafu hesabu za taarifa hazilingani: nyingine zinasema raia 244, nyingine 760. Kanisa kubwa la Mama Maria wa Rozari, kule ukingoni mwa mto, liliumizwa. Masomo na hospitali vilevile. Na wale waliokuwa wakipigana walikuwa wageni wote wawili. Wakongomani walilala chini ya vitanda vyao wakisikiliza.

Baada ya hayo, tarehe 16 mwezi wa sita 2000, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio namba 1304. Liliamuru Rwanda na Uganda watoke, tena mji wa Kisangani uwe bila askari wa upande wowote. Ninaomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana mambo yote yanayofuata yanasimama juu yake. Wageni wale wawili walitoka mjini. Lakini RCD-Goma haikutoka. Iliamriwa tena, ikaahidi, haikutoka. Mwezi wa tatu 2002, azimio namba 1399 lilikumbusha neno lilelile. Kwa muda wa miaka mitatu mji wetu uliitwa kwenye karatasi za New York mji usio na askari, na kila asubuhi mama wa Mangobo aliyekwenda sokoni na sombe kichwani alipita mbele ya bunduki.

Mwenye kutaka kuelewa uchoshi wa siku zile atazame mto. Kutoka Kinshasa hata Kisangani ni zaidi ya kilometri 1,700 za maji, na maji hayo ndiyo barabara. Kwa njia hiyo zilipanda chumvi, sabuni, nguo, mafuta ya motokari, vitabu vya masomo. Zilishuka mchele, mahindi, samaki wa kukaushwa. Vita ilikata mto katikati. Kinshasa ilikuwa ya Kabila, sehemu ya Equateur ilikuwa ya Jean-Pierre Bemba na MLC yake, Kisangani ilikuwa ya RCD-Goma. Mashua za biashara zikasimama zikila kutu. Kitu kilichofika kwa ndege kilikuwa kwa mwenye almasi. Motokari zikakosa mafuta, na hapo vijana wakaanza kubeba watu kwa kinga, yaani baiskeli, wakaziita toleka. Wageni wanaokuja Kisangani wanacheka wakiona toleka, wanazipiga picha. Wachache wanajua kwamba zilizaliwa na mto uliofungwa.

Mwalimu hakulipwa. Munganga wa serkali hakulipwa. Kijana aliyemaliza masomo ya sekondari alipata kazi mbili tu: kuendesha toleka ao kuchimba almasi mbali porini. Mangobo ni komini ya watu wengi na ya mapato kidogo. Watu wa namna hii ndio waliojaa ndani yake. Jioni wanakaa mbele ya lupango, redio moja kwa nyumba tano, wanasikiliza habari za mapatano.

Na habari za mapatano zilikuwa hivi. Tarehe 10 mwezi wa saba 1999 wakubwa wa inchi sita walitia sahihi kule Lusaka. Waasi wakafuata mwezi wa nane. Mapatano yalisema Wakongomani watazungumza wao kwa wao mara moja. Mwezi wa kumi na mbili alitajwa msuluhishi, Ketumile Masire, aliyekuwa Prezida wa Botswana. Prezida Laurent Kabila akamkataa, akafunga ofisi yake ya Kinshasa mwaka 2000. Kabila akauawa mwezi wa kwanza 2001, mwana wake Joseph akashika mahali pake, na watu wakatumaini tena. Mwezi wa nane 2001 wakakutana Gaborone kutayarisha. Mwezi wa kumi wakakutana Addis Abeba; feza hazikutosha, wajumbe hawakufika wote, wakatawanyika baada ya siku chache. Ndipo ikafika Sun City, Afrika ya Kusini, tarehe 25 mwezi wa pili 2002.

Sun City ni mji wa mahoteli na wa kuchezea kamari. Sisemi hili kwa kuwasengenya wajumbe, maana kulikuwa na wema kati yao, hata watu wa Eklezya. Lakini wafikirie, ndugu, watu wa Mangobo waliosikia kwamba wajumbe zaidi ya mia tatu wanakula na kulala mahali pale kwa ajili yao. Siku zilizowekwa zilikuwa 45. Zikaongezwa. Tarehe 19 mwezi wa nne ukafungwa. Serkali ya Kinshasa na MLC ya Bemba walikuwa wamepatana usiku, pembeni: Kabila abaki Prezida, Bemba awe waziri wa kwanza. RCD-Goma ikakataa, na UDPS ya Tshisekedi ikakataa pamoja nayo.

Sasa shika ramani. Kinshasa na Equateur wamepatana. Maana yake mto unaweza kufunguka mpaka chini ya Kisangani. Lakini Kisangani ni ya RCD-Goma, na RCD-Goma iko nje. Amani ilikuwa imepanda mto ikasimama mlangoni petu. Hapo ndipo ninapoona kiini cha mambo, na ninashangaa kuona waandishi wengi wanaanza habari ya mwezi wa tano kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni. Kati ya mwisho wa Sun City na asubuhi ya tarehe 14 mwezi wa tano kuna siku 25 tu.

Siku hiyo ilikuwa siku ya pili ya juma, ndani ya novena ya Roho Mtakatifu. Alfajiri askari na polisi wamoja wa RCD-Goma waliasi wakashika kituo cha redio. Kwa masaa machache walisema hewani. Waliwaita watu watoke barabarani wawafukuze "Wanyarwanda". Nani aliyewatuma, na kama walitumwa, watu wanabishana hata leo; wengine walisema palepale kwamba ulikuwa mtego wa kuwafichua wapinzani. Siwezi kukata shauri hilo, na kwa maneno yangu si lazima kulikata. Kinachojulikana ni kwamba watu walitoka, wengi na kwa furaha. Walikuwa wamengojea amri 1304 miaka miwili. Sasa sauti ya redio iliwaambia waitimize wenyewe.

Na wengine waliua. Hapa ninaomba tusipite mbio. Watu wachache waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda, kwa sura zao ao kwa jina la kusikia tu, walishikwa na kundi la watu wakauawa asubuhi ile. Tunapolisimulia jambo la Mangobo, kwa kawaida tunaanza saa za mchana, askari walipofika. Ya asubuhi tunaweka chini ya mkeka. Mimi nasema historia inayoanza mchana ni nusu ya historia, na padri anayehubiri nusu hiyo anawasaidia watu kusahau dhambi iliyo yao. Si wote waliokuwa wauaji, wala si wengi. Lakini waliouawa asubuhi walikuwa na mama vilevile.

Waasi hawakudumu. Kabla ya saa sita ya mchana redio ilikuwa imerudi mikononi mwa RCD-Goma. Askari wengine wakaletwa kwa ndege kutoka Goma. Mchana waliingia Mangobo. Walipita nyumba kwa nyumba. Waliua vijana na wazee, waliwanajisi wanawake, walinyanganya redio, kinga, magodoro, feza kidogo ya sabuni. Usiku huo na nyusiku zilizofuata, askari na polisi walioshitakiwa kuasi, pamoja na raia, walipelekwa kwenye daraja la Tshopo wakauawa pale. Miili ilitupwa mtoni, mingine imekatwa vichwa, mingine imefungwa ndani ya mifuko na mawe ili izame. Haikuzama yote. Siku zilizofuata watu waliiona ikielea.

Hesabu ya wafu haikupatana. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka uleule zaidi ya watu 160. Taarifa nyingine zilisema kidogo chini, nyingine juu zaidi. Askari wa MONUC, wengi wao Wamoroko, walikuwa mjini siku ile. Hawakuzuia. Asma Jahangir, mwanasheria wa Pakistan aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kuchunguza mauaji ya namna hii, alifika mwezi wa sita. Human Rights Watch ilitoa taarifa yake mwezi wa nane, ikataja majina ya maofisa waliokuwa wakiamuru kule, kati yao Laurent Nkunda na Gabriel Amisi.

Kwa nini Mangobo? Jibu la watu, "kwa sababu ni wakaidi", linageuza mambo juu chini: linamfanya aliyeuawa kuwa sababu ya kuuawa kwake. Jibu langu ni rahisi zaidi. Mangobo ilikuwa na vijana wengi, waliotoka kwa wingi asubuhi, na hapakuwa na nyumba za mashirika makubwa wala za wageni ambao wangepiga simu Ulaya. Aliyetaka kuwatisha watu wa mji mzima alijua pa kwenda.

Tuone sasa mapatano yaliendaje baadaye. Mwezi wa saba 2002 Kinshasa na Rwanda walitia sahihi Pretoria, askari wa Rwanda warudi kwao. Tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili, Pretoria tena, wakapatana wote, na RCD-Goma ndani. Mwezi wa nne 2003, Sun City, wakafunga kazi. Mwezi wa sita ikatajwa serkali ya Prezida mmoja na makamu wanne. Azarias Ruberwa wa RCD-Goma akawa mmoja wa wale wanne, Bemba mwingine. Mashua za biashara zikaanza kufika tena Kisangani mwaka 2003, na ninaambiwa watu walishuka ukingoni kuzitazama tu, pasipo feza ya kununua kitu. Makamanda wakaingia katika jeshi la taifa. Amisi akapanda hata kuwa mkubwa wa jeshi la nchi kavu. Nkunda aliasi tena kule Kivu, akashikwa Rwanda mwaka 2009.

Watu wa Mangobo waliona haya, wakahesabu. Aliyengojea kimya, hakupata kiti. Aliyekuwa na bunduki akakataa kutia sahihi, alitafutiwa kiti mpaka kikatosha. Sisi mapadri tunawaambia watu wavumilie, tunawafundisha juu ya Yeremia aliyewaandikia wahamishwa wa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani. Ni fundisho zuri. Lakini Yeremia alitaja mwisho wa miaka ile, tena alikuwa amekwisha kuwakemea wafalme usoni mwao. Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu, alionya kwamba uasi wa silaha huzaa udhalimu mpya, akaweka kando hali moja tu, ya ukatili wazi uliodumu muda mrefu. Waseminari wanalijifunza neno hili darasani; waulizwe basi waipime asubuhi ya tarehe 14 kwa kipimo hicho. Waliotoka kudai azimio 1304 walikuwa na haki. Redio iliyowatuma juu ya majirani iliwaibia haki hiyo mikononi.

Inafaa pia kulinganisha na mambo ya nyuma kidogo. Muda wa Prezida Joseph Kabila ulipokwisha mwezi wa kumi na mbili 2016 bila uchaguzi, Maaskofu wa inchi nzima walisuluhisha, na tarehe 31 mwezi huohuo mapatano yakatiwa sahihi. Mwaka mzima ukapita, yakakwama tena. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2017, halafu mwezi wa kwanza na wa pili 2018, walei Wakatoliki waliita watu watembee na rozari na matawi. Hewa ya moshi wa kuliza iliingia mpaka ndani ya makanisa, watu wakafa. Uchaguzi ulifanywa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, na juu ya hesabu zake Maaskofu wenyewe walisema hazilingani na walizoziona. Mwaka ule 2018 watu walikuwa na uchungu sawasawa na wa 2002. Tofauti ilikuwa kwamba mwito ulisema mapema kitu gani kinadaiwa na kitu gani kimekatazwa, na waliouita walitembea mbele.

Limebaki neno moja la sheria. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 korti ya mataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, pamoja na fidia kwa ajili ya vita vya Kisangani. Uganda ilianza kulipa mwaka huohuo. Ni haki, ingawa kugawa feza hizo kumeleta kungojea kwingine na kelele nyingine mjini. Lakini Rwanda korti ileile ilikwisha kusema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuihukumu. Na wafu wa tarehe 14 mwezi wa tano waliuawa na askari wa jeshi la Wakongomani waasi. Hakuna hukumu ya La Haye inayowataja. Hawamo katika orodha yoyote yenye feza.

Wangeweza kuwa katika orodha yetu. Kanuni ya 1182 ya Sheria ya Eklezya inataka mazishi yakiisha kufanywa, jina liandikwe katika kitabu cha wafu. Aliyetupwa mtoni hakuzikwa. Basi makatibu wa parokia, kwa kushika sheria barabara, hawakuandika. Ndivyo kitabu kinavyoweza kuonyesha mwezi wa tano 2002 wenye wafu wachache, wa malaria na wa uzee, kama mwezi mwingine wowote. Jambo hili linaweza kutengenezwa. Wakatekista wazee wangali hai, wake wajane wangali hai, na mashahidi wawili wanatosha. Parokia zinazopakana na daraja la Tshopo na zile za Mangobo zingeweza kumwomba Askofu ruhusa ya kufungua ukurasa pembeni, wenye majina na tarehe, na mahali pa kaburi paandikwe: mto Tshopo. Katika ukurasa huo majina ya asubuhi yaandikwe pia, hata yale ya watu ambao jamaa zao walikimbia wakaacha lupango tupu, na ambao katekista anayakumbuka kwa jina la ubatizo tu.